Utando Uliomzoea Bosi

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, na wengi wao walistahili. Kazi yangu ilikuwa kuandika mabango ya maduka, na mwandika mabango humjua mtu kwa herufi anazoziomba. Nilishawahi kumwandikia fundi viatu bango refu kuliko kibanda chake, ikabidi alijengee nguzo kwa jirani. Mwingine alitaka jina lake lisomeke kutoka angani, na nakuambia rubani mmoja alitua kuuliza kama kuna soli za raba. Wote hao niliwasamehe siku nilipokutana na Wembe. Kwa Wembe ilibidi nitafute dharau mpya, ile niliyokuwa nayo haikutosha.

Wembe alikuwa mkuu wa maabara anakofanya kazi mpwa wangu, binti wa dada yangu. Jina hilo alipewa na wafanyakazi, kwa sababu kila mgeni aliyeingia mle, yeye alimwambia maneno yale yale: "Ukilinganisha na utando wangu, wembe ni gogo." Yeye alidhani wanamwita hivyo kwa ukali wa akili yake, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Mlinzi wa getini aliwahi kuniambia kwamba katika jengo lile lote hakuna kitu butu kumzidi, ukiondoa visu vya kantini.

Mpwa wangu anaishi kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kazini na kumrudisha. Gari langu halimsikii mtu mwingine. Siku mke wangu alipojaribu kuliwasha lilipiga chafya, likarudi nyuma lenyewe hadi uani, likazima na kukataa kuzungumza naye mpaka nilipotoka kuoga. Sasa mtu ukistaafu unafika mapema kila mahali. Nilikuwa nakaa mapokezi kumsubiri binti, kwenye kochi la ngozi bandia linaloganda mapajani, na Wembe akipita ananiona. Mtu wa namna ile akiona kochi lina mtu, haoni mtu. Anaona hadhira.

"Mzee, unajua tunachofanya humu ndani?"

"Sijui, Profesa."

Nilikuwa najua vizuri sana. Mpwa wangu alishanieleza mezani, sahani ya wali ikipoa mbele yake.

"Kuna vitu, Mjomba, ukivitazama kwa ndani utakuta umeme wake umelala kama watu kitandani, vichwa vyote upande mmoja. Ukivisukuma kwa umeme kidogo, wote wanageuka, vichwa vinakwenda upande wa pili. Ukizima, wanabaki walivyo. Kulala huku ni ndiyo, kulala kule ni hapana. Ukiwa na vitanda vingi vya namna hiyo, una kumbukumbu isiyohitaji umeme ili ikumbuke."

"Na vinaitwaje?"

"Feroelektriki."

"Jina zito kwa watu waliolala."

"Kuwageuza siyo kazi," akasema. "Kazi ni wageuke tena na tena bila kuchoka, halafu walale pale ulipowalaza mpaka uwaambie vinginevyo. Ukiufanya utando, yaani lile tabaka jembamba la vitu hivyo, uwe mwembamba kupita kiasi, umeme unaanza kuvuja, wengine wanajigeuza kwa hiari yao, wengine wanagoma kabisa."

Nikamwambia nalielewa jambo hilo, kwani mimi niliwahi kupaka ukuta rangi nyembamba mpaka jirani akawa anatazama taarifa ya habari kwenye runinga yetu kupitia ukutani.

"Mjomba, rangi haihusiani kabisa."

"Na tulipobadilisha stesheni alikuja kugomba."

Mke wangu akatuambia tule.

Pale maabara, basi, palikuwa na tando mbili. Wa kwanza ulikuwa wa Wembe, mwembamba kuliko wa mtu yeyote anayemfahamu, na anawafahamu wachache maana watu humkimbia. Wa pili ulikuwa wa mpwa wangu. Wake ulizidi unene kidogo, na ziada hiyo ilitokana na tabaka la kinga alilolilaza kati ya utando na chuma kinachouletea umeme. Ndani ya utando, alinieleza, kuna vikasoro vidogo visivyotulia. Utando ukiachwa umelala upande mmoja muda mrefu, hasa penye joto, vikasoro hivyo vinatembea, vinajikusanya upande huo, vinawakalia miguuni wale waliolala. Baadaye ukiwageuza wanageuka kwa adabu, lakini ukiwapa kisogo tu wanarudi walikozoea. Tabaka lake lilikuwa la kuvizuia vikasoro visitembee.

Wembe aliliita blanketi. "Binti yetu wa blanketi," alikuwa akimtambulisha hivyo mbele ya wageni, halafu anacheka peke yake kwa muda unaochosha.

Tatizo ni kwamba tando zote mbili zilioteshwa, yaani kujengwa tabaka juu ya tabaka, katika chemba moja, pipa la chuma linalonyonywa hewa yote kwa pampu kabla kazi haijaanza. Wembe aliitaka chemba ili avunje rekodi yake mwenyewe, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa na hamu ya kuivunja. Mpwa wangu aliitaka ili afanye kazi. Ndipo ikatangazwa kwamba mgeni anakuja, mama mwenye kiwanda cha vifaa vinavyowekwa kifuani mwa wagonjwa wa moyo. Vifaa hivyo vinahitaji kumbukumbu ndogo ya kuaminika. Mama huyo atachagua utando mmoja, na utakaochaguliwa ndio utakaobaki kwenye chemba.

"Na utakaoachwa?" nilimuuliza binti ndani ya gari.

"Ukiachwa wangu, nahamia ofisi ya vipeperushi. Nitaandika sifa za utando wake." Alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi lolote. "Mjomba, hakuna chemba nyingine. Nikitolewa pale, kazi yangu yote inaishia kwenye kabati."

Nilipiga honi mbele ya dirisha la Wembe, ile honi yangu inayosikika mpaka kwa wafu, tukaondoka.

Sasa msikilize Wembe alivyojiandaa. Kitambo kabla ya hapo, utando wake ulipovunja rekodi, aliagiza uandikwe jina lake. Utando ule ulikuwa ndani ya chipu ndogo iliyounganishwa na skrini, kila kitanda kikionekana kama nukta moja, na nukta zikijipanga kuwa herufi. Chipu akaiweka ofisini kwake ndani ya kisanduku cha kioo. Juu yake akafunga taa ya kuangazia, ile ya kizamani inayochoma, akaiacha ikiwaka tangu asubuhi anapofika mpaka anapoondoka, kila siku ya kazi. Aliniita mimi nije kuona.

"Mzee, wewe ni mtu wa mabango. Unaonaje herufi?"

Nikasoma. Ilianza Profesa, ikaja Daktari, ikaja Mhandisi, likafuata jina, halafu Mwanzilishi. Kwenye bango la duka ningemshauri mteja aanze na bidhaa.

"Zimejaa, Profesa," nikasema.

"Zimejaa!" alirudia kwa furaha, akidhani nimemsifu.

Mpwa wangu aliingia kuchukua funguo akaikuta taa ile inawaka. Niliona jinsi alivyosimama.

"Mkuu, samahani. Hilo jina limelala upande mmoja siku nyingi, na hapo chini ya taa pana joto. Ungelifuta na kuliandika upya mara kwa mara. Utando utazoea."

Wembe alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyetoa maoni.

"Utando hauna mazoea, mwanangu. Mazoea ni ya wafanyakazi."

"Sawa, Mkuu." Akachukua funguo, akatoka.

Jioni hiyo binti naye alichukua chipu yake, akailaza upande mmoja, akaitia kwenye oveni ndogo ya maabara yenye joto kuzidi la taa ile. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anaupa wake adhabu ile ile ya mwenzake, na nyongeza juu.

Siku ya mgeni Wembe alivaa tai nyekundu, akaamuru viti vyote vya chumba cha mikutano vijazwe watu. Wafanyakazi hawakutosha. Akamleta mlinzi, akamleta dereva wa gari la taka aliyekuwa akipita, akaniita na mimi kutoka kwenye kochi. Mpwa wangu alinikamata mlangoni.

"Mjomba, leo usifungue mdomo."

"Hata kupiga miayo?"

"Piga kwa pua."

Mama wa Kiwanda alikuwa mfupi, amevaa viatu bapa vya mtu anayesimama kutwa nzima. Aliweka mkoba wake sakafuni, akakisogelea kisanduku cha kioo ambacho Wembe alikihamishia pale pamoja na taa yake. Akagusa kioo, akaondoa kidole haraka.

"Kina moto."

"Ni mwanga, Mama," akasema Wembe. "Kitu kikubwa kinahitaji mwanga."

"Nilisoma ni kidogo."

"Kidogo kuliko vyote! Wembe, Mama, ukilinganisha na utando huu, wembe ni gogo." Mlinzi alinikanyaga mguu, nami nikamkanyaga wake. "Na hilo jina unaloliona limo humo tangu tulipovunja rekodi. Halijatetereka hata nukta moja."

"Kasoro yake ni ipi?"

"Kasoro?" Wembe akatazama dari kana kwamba alikuwa ameiweka huko. "Labda wivu wa wenzangu."

Mama akamgeukia mpwa wangu. "Na wako?"

"Wangu unataka umeme zaidi kidogo kuliko wake, Mama. Na ukiwa mpya lazima ugeuzwegeuzwe kwanza ndipo utulie. Pia unachoka, lakini unachoka polepole, na nimepima unavyochoka."

Wembe akaguna kwa sauti ya kumsikitikia, kama baba ambaye mtoto wake ametapika mbele za watu. Mama wa Kiwanda hakuguna.

"Vizuri," akamwambia Wembe. "Sasa futa hilo jina."

"Nifute?"

"Moyo wa mgonjwa ukibadilika, kifaa changu kinafuta na kuandika upya. Jina linalokaa tu, hata kwenye jiwe la kaburi lipo. Futa, tuandike kingine." Akatutazama tuliojaza viti, macho yake yakaniangukia mimi. "Wewe mzee wangu, tuandike nini?"

Nikabana midomo.

"Nakuuliza wewe."

"Nimekatazwa kufungua mdomo, Mama."

Watu wakacheka. "Nani kakukataza?"

"Yule pale, mwenye blanketi. Ni mpwa wangu."

Binti alinitazama kwa jicho ambalo nililielewa kuwa nitakula chakula baridi wiki nzima.

"Mimi nakuruhusu," akasema Mama.

"Basi andikeni Karibu Mama. Ni fupi, na halina cheo."

Ikaandikwa kwenye chipu zote mbili. Skrini mbili, zimepangwa kando kwa kando, zote zikaonyesha KARIBU MAMA bila upungufu wa nukta. Wembe akapiga makofi kabla ya mtu mwingine, akageuka huku na huku kutuhamasisha. Nilimwangalia mpwa wangu nikamwona ametulia, anaitazama ile taa.

"Bado," akasema Mama wa Kiwanda. "Zimeni skrini. Chipu zote mbili ziwekeni kwenye bamba la moto, joto la mwili wa mtu, basi, siyo zaidi. Tunywe chai, halafu tusome tena."

"Joto la nini, Mama?" Wembe akashangaa. "Chumba kina kiyoyozi."

"Kifua cha mtu hakina."

Wembe akasema sawa, lakini haki itendeke: utando wake umekaa siku zote hizo hadharani, wakati ule mwingine umefichwa, nani ajuaye umedekezwa namna gani.

"Wako ulikuwa wapi?" Mama akamuuliza binti.

"Kwenye oveni, Mama. Umelazwa upande mmoja siku chache kuliko wake, lakini usiku na mchana, na kwa joto kuzidi sana la hiyo taa. Kipimajoto chake kipo, unaweza kukitazama."

"Amekuwa akioka blanketi!" akasema Wembe, akacheka mpaka tai ikaingia kwenye kikombe.

Chai ile siisahau, maana Wembe aliinywa akihutubia. Alieleza jinsi alivyozaliwa na kipaji. Akaeleza jinsi mataifa yanavyomtafuta, na jinsi asivyopokea simu za mataifa. Makombo ya biskuti yalikuwa yakimdondoka kifuani na yeye akiyapangusa kuelekea kwa jirani yake, ambaye alikuwa mimi. Nimewahi kukaa na mbuzi ndani ya gari safari nzima, akanila kofia na nusu ya ramani tukapotea, na bado yule mbuzi alikuwa na soga bora. Mpwa wangu hakunywa. Aliegemea ukuta, mikono nyuma, akiisikiliza pampu ya chemba yake kupitia ukutani, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa chumba cha pili.

Mama akaweka kikombe chini. "Someni."

Wakaanza na ya binti. Skrini ikawaka: KARIBU MAMA. Nukta zote zilikuwa mahali pake, ungedhani hazikuguswa.

Wakawasha ya Wembe.

Kwanza tuliona ukungu. Halafu tukaona kwamba KARIBU imetoboka, K imeng'oka mguu, B imebaki kijiti. Na katikati ya matobo hayo, kama mtu anayechungulia pazia akidhani haonekani, likaanza kusomeka neno PROFESA. Chini yake DAKTARI. Neno MAMA lilikuwa limebaki na herufi moja tu ya M, na hiyo ilikwishaangukia kwenye MHANDISI.

Dereva wa taka akaanza kusoma polepole kwa sauti: "Mwa-nzi-li-shi."

"Ni waya," akasema Wembe.

Wakabadilisha waya, wakasoma tena. Jina lake lilikuwa limezidi kunenepa.

"Ni skrini."

Wakaleta skrini ya jirani. Sasa Wembe alikuwa ameenea karibu yote, mpaka nukta ya mwisho wa sentensi.

"Ni huyu mzee! Amekaa karibu mno na vifaa!"

Nikasogeza kiti. Jina halikusogea.

Mama wa Kiwanda aliinama akatazama skrini kwa makini ya kweli, bila kucheka, na hapo ndipo nilipompenda. "Kwa hiyo," akasema, "mapigo ya mgonjwa wangu yakibadilika wakati amelala, kifaa kitayasahau, kitamkumbuka Profesa."

"Mama, hilo ni suala la kitaalamu—"

"Umeuacha upande mmoja kwenye joto, umezoea." Akamgeukia mpwa wangu. "Ulijua?"

Wembe akamtazama binti. Sote tukamtazama. Angeweza kummaliza pale pale, na mimi ningempa nyundo.

"Nilimwambia Mkuu," akasema. "Lakini hata usingekuwa na taa, Mama, ungezoea. Ungechelewa tu. Hauna kitu cha kuvizuia vikasoro visitembee. Ndiyo maana nikaweka tabaka."

"Blanketi."

"Ndiyo, Mama."

"Nachukua blanketi," akasema Mama wa Kiwanda, akainama kuuokota mkoba wake. "Na chemba ibaki kwake. Nikija tena nitaomba kuiona ikifanya kazi, siyo ikifanya rekodi."

Ungedhani mtu aliyepatwa na hayo atakwenda nyumbani kwa mlango wa nyuma. Humjui Wembe. Kabla Mama hajamaliza kusaini kitabu cha wageni, alikwisharudisha kisanduku chake ofisini, akachukua kipande cha karatasi akabandika juu ya kioo: KUMBUKUMBU ISIYOFUTIKA, YA KWANZA YA AINA YAKE. Aliniuliza mimi kama herufi zimekaa sawa. Nikamwambia zimejaa.

Kisha akatufuata chumba cha chemba, tulikokwenda na chipu ya binti, akiwa na mpiga picha wa maabara. Tai bado ilikuwa na chai.

"Picha ya pamoja," akatangaza. "Mimi, Mama, na mafanikio ya maabara yangu. Lakini skrini isiseme Karibu Mama, watu hawataelewa kazi ni ya nani. Andikeni jina langu. Lile kamili."

Mlinzi aliyekuwa mlangoni alitazama viatu vyake. Mama wa Kiwanda alimtazama mpwa wangu, anangoja. Mimi nilikuwa nimekwishafungua mdomo, kuna maneno niliyoyatunza tangu ujana kwa ajili ya siku kama hiyo.

Binti akaniwahi.

"Andika tu, Mkuu," akasema, akimsogezea kibodi. "Huu unafutika."

Wembe akaandika kwa kidole kimoja, cheo baada ya cheo. Akapigwa picha akitabasamu. Akaondoka akimwelekeza mpiga picha jinsi ya kumpunguza tumbo.

Mlango ulikuwa bado haujajifunga vizuri nyuma yake. Mpwa wangu akabonyeza mara moja, na skrini ikabaki tupu. Tukaingoja kidogo, mimi, Mama na mlinzi, tukaona ikiendelea kuwa tupu.

"Mjomba, nisubiri," akasema akifunga vifungo vya koti lake jeupe. "Leo nitakawia kidogo. Nataka kuiwasha chemba."

"Na chakula baridi?"

"Hicho kipo pale pale."

Nikaenda zangu kwenye kochi. Pampu ilianza kunguruma nyuma ya ukuta. Mara nikaona tai nyekundu inakuja kutoka mwisho wa ukumbi. Wembe aliniona, akapunguza mwendo, akavuta pumzi ya mtu mwenye mengi ya kusema. Nikajilaza pale pale, nikafumba macho, kichwa nikakigeuzia upande wa ukuta.